Kaisari Akiisha Kuvua Taji: Michezo na Mambo ya Nyumbani ya Wafalme wa Konstantinopoli

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Septemba, mwaka 867, Kaisari Michael wa Tatu alikwenda kulala hali amelewa. Alikuwa amekula chakula cha jioni katika jumba lake la Mtakatifu Mamas, nje ya kuta za mji wa Konstantinopoli, pamoja na rafiki yake mpenzi, Basil, na Eudokia mke wa Basil. Yasemekana ya kuwa wakati wa chakula Basil alitoka mezani kwa udhuru, akaingia upesi chumbani mwa mfalme, na kwa nguvu za mikono yake akakipinda chuma cha kufuli hata mlango usiweze kufungika. Kisha akarudi mezani, akaendelea kunywa na mwenyeji wake. Kabla ya alfajiri Michael alikuwa maiti, naye Basil alikuwa Kaisari peke yake.

Msomaji huenda akauliza, huyu ni Kaisari yupi, maana Makaisari wa Biblia walikaa Rumi. Jibu ni kwamba mwaka 330 Kaisari Constantine aliuzindua mji mkuu mpya penye mlango wa bahari baina ya Ulaya na Asia, mahali palipokuwa na mji wa kale wa Wayunani ulioitwa Byzantion. Ufalme wa Rumi ya Magharibi ulianguka mwaka 476, lakini ule wa Mashariki ulidumu mpaka tarehe 29 Mei 1453, Waturuki walipouteka mji huo ambao siku hizi huitwa Istanbul. Watu wake walisema Kiyunani, bali walijiita Warumi mpaka siku ya mwisho. Jina la Bizanti walipewa na wataalamu wa siku za baadaye, wenyewe wakiwa wamekwisha kufa zamani.

Kaisari wa Konstantinopoli hakuwa mtu wa kujiendea apendavyo. Kila sikukuu ilikuwa na mavazi yake, kila mlango ulikuwa na mtu wake wa kuufungua, na kila neno la kusalimu lilikuwa limekwisha andikwa. Viatu vya rangi ya zambarau vilikuwa vyake peke yake. Mtu mwingine akivivaa, ilihesabiwa kuwa amefanya uasi. Aliamshwa na matowashi, akavikwa na matowashi, na mmoja wao mwenye cheo kikubwa sana alilala karibu na kitanda chake usiku kucha. Je, mtu wa namna hii hupumzika lini, naye hupumzika na nani? Habari za nyumba moja, ile iliyoanza kwa kufuli lililopindwa ikatawala mpaka mwaka 1056, zaonyesha ya kuwa saa chache za mfalme za kujifurahisha zilikuwa saa za hatari kuliko zote.

KIJANA ALIYEPENDA FARASI

Michael alipewa taji mwaka 842 akiwa mtoto mdogo tu, na mama yake Theodora akashika utawala kwa niaba yake. Alipokua alipenda kitu kimoja kupita vyote: mashindano ya magari ya farasi. Kando ya jumba la wafalme palikuwa na uwanja mkubwa wenye urefu wa zaidi ya mita 400, nao umeunganishwa na jumba kwa ngazi, hata Kaisari aliweza kwenda kukaa mahali pake pa heshima pasipo kukanyaga barabara. Magari yalikuwa madogo, ya magurudumu mawili, yakivutwa na farasi wanne. Watazamaji waligawanyika katika makundi, na yaliyo makubwa yalikuwa mawili, Buluu na Kijani, na mapenzi yao yalikuwa makali kuliko yale ya washabiki wa kandanda. Mwaka 532 makundi hayo mawili yalipatana, yakaasi, yakauchoma moto mji; askari wa Justinian walipowafungia uwanjani, waliuawa watu wapatao 30,000, kwa hesabu ya mwandishi Procopius aliyekuwako.

Basi wafalme wengine walitazama tu. Michael aliingia mwenyewe ndani ya gari, akavaa rangi ya Buluu, akashindana. Waendesha magari walikuwa rafiki zake, akawa baba wa ubatizo wa watoto wao, na zawadi alizowapa zilikuwa za kuifilisi hazina. Yasimuliwa ya kuwa siku moja, alipokuwa karibu kuanza mashindano, ilifika habari ya kuwa Waarabu wamevuka mpaka. Habari hiyo ililetwa kwa moto: palikuwa na mioto iliyowashwa juu ya vilele vya milima, mmoja ukiuona mwingine, kutoka mpakani mpaka jumbani mwa mfalme. Michael akaamuru mioto ile ya karibu na mji isiwashwe tena, wasije watazamaji wakahuzunishwa wakaacha kuangalia mchezo.

Alikuwa pia na mchekeshaji wake, Gryllos, aliyemvika mavazi ya Patriarki, mkuu wa maaskofu, akamfanya azunguke mjini na watu kumi na mmoja waliovaa kama maaskofu, wakiimba nyimbo za mzaha. Siku moja Michael akamwita mama yake aje apokee baraka. Mama mcha Mungu akapiga magoti mbele ya yule aliyedhani kuwa Patriarki, na Gryllos akamjibu kwa sauti ya tumbo. Theodora alilia kwa uchungu, tena akamwambia mwanawe ya kuwa Mungu amemwondolea mkono wake.

Lakini hapa yafaa kusimama kidogo. Habari hizi nyingi zimo katika kitabu kilichoandikwa kwa amri ya Constantine wa Saba, mjukuu wa Basil. Mjukuu wa mwuaji hawezi kumsifu aliyeuawa, maana angemsifu, babu yake angeonekana jambazi. Siku za Michael ndipo ndugu wawili Cyril na Methodius walipotumwa kwa Waslavi, mwaka 863, na kuwapatia maandishi ya lugha yao. Mwaka huo huo majeshi yake yaliwashinda Waarabu ushindi mkubwa. Na mfalme wa Wabulgari akabatizwa baada ya muda mfupi. Mlevi wa kila siku hafanyi hayo yote, au walau huwa na watu wazuri wa kumfanyia.

Huyo Basil alipatikana kwa njia ya michezo hiyo hiyo. Alikuwa mtoto wa wakulima maskini, asiyejua kusoma, naye alipofika Konstantinopoli mara ya kwanza alilala chini penye lango la kanisa kwa kuwa hakuwa na mwenyeji. Alipata kazi kwa tajiri mmoja kwa sababu ya kifua chake kipana. Katika karamu moja alipigana mieleka na Mbulgari aliyejisifu ya kuwa hana wa kumwangusha, naye Basil akamwinua akamtupa juu ya meza. Kisha Michael alikuwa na farasi mzuri aliyemshinda kila mtu. Basil akamrukia, akamshika sikio, na farasi akatulia kama kondoo. Siku hiyo akachukuliwa katika mazizi ya mfalme. Theodora alipomwona, yasemekana, alisema ya kuwa huyu ndiye atakayeivunja nyumba yao. Michael alicheka.

Mambo ya chumbani yalikuwa mazito kuliko ya uwanjani. Tangu ujana wake Michael alimpenda Eudokia binti Inger, lakini mama yake alimkataza, akamwoza mwanamke mwingine. Sasa akamwamuru Basil amwache mke wake wa kwanza na kumwoa Eudokia, ili apate kuwa karibu na jumba. Mwezi wa Mei 866 Basil akavikwa taji awe Kaisari wa pili. Mwezi wa Septemba Eudokia akazaa mtoto wa kiume, na mji mzima ukanong'ona kuwa mtoto ni wa Michael. Mwaka mmoja baadaye likapindwa lile kufuli.

KASUKU MEZANI

Mtoto huyo aliitwa Leon, jina ambalo kwa Kiyunani maana yake ni simba. Basil hakumpenda kamwe. Moyo wake ulikuwa kwa Constantine, mwanawe wa mke wa kwanza. Constantine alipokufa mwaka 879, Basil alihuzunika hata watu wakaogopa akili yake. Leon alipenda vitabu, wala hakuwa mtu wa mieleka. Ndipo askofu mmoja mwenye hila, Theodore Santabarenos, alipomshauri kijana afiche kisu katika kiatu chake wakati wa kuwinda, ili apate kumwokoa baba yake kukitokea hatari. Kisha akaenda kwa baba akamwambia, mwanao ana kisu kiatuni. Leon akapekuliwa, kisu kikaonekana, akafungwa katika vyumba vya jumba kwa muda wa miaka kama mitatu. Alinusurika kupofushwa macho kwa sababu Patriarki na wazee wa baraza walimwombea.

Katika chumba cha kulia palikuwa na kasuku ndani ya kitundu. Kasuku huyo alikuwa amewasikia watumishi wakimlilia kijana, naye akajifunza kulitaja jina la Leon kwa sauti ya maombolezo. Siku moja, katikati ya karamu, ndege akaanza kulia. Wageni wakaacha kula, wakainamisha vichwa. Basil akauliza kuna nini, nao wakamjibu ya kuwa hata kiumbe asiye na akili amelia juu ya mwana asiye na hatia, basi wao watakula na kunywa namna gani? Mwezi wa Julai 886 Leon akafunguliwa.

Mwezi uliofuata Basil alikwenda kuwinda. Akamfuata ayala mkubwa, akawaacha watu wake nyuma. Mnyama akageuka, na pembe zake zikanasa katika mshipi wa mfalme, zikamng'oa juu ya farasi na kumburuta porini. Mtu mmoja wa walinzi alipofika aliukata mshipi kwa upanga, akamwokoa. Basil aliamuru mtu yule auawe, kwa kuwa alichomoa upanga mbele ya Kaisari! Shukrani ya namna hii ni ya ajabu, lakini mtu aliyeingia madarakani kupitia mlango wa chumba cha rafiki yake hawezi kuutazama upanga wa mtu yeyote kwa moyo mtulivu. Alikufa tarehe 29 Agosti.

Tendo la Leon lilikuwa mojawapo la kwanza la utawala wake kuupeleka mwili wa Michael, uliokuwa umezikwa ng'ambo ya mlango wa bahari pasipo heshima, na kuuzika kwa fahari katika Kanisa la Mitume Watakatifu pamoja na wafalme wengine. Watu wakatazama, wakajijibu wenyewe. Na kama uvumi ule ulikuwa wa kweli, basi Constantine wa Saba, aliyeagiza kitabu cha kumtukana Michael, alikuwa akimtukana babu yake mzaa baba.

HARUSI YA NNE

Leon wa Sita aliitwa Mwenye Hekima. Alitunga sheria nyingi, na mojawapo iliwatisha kwa adhabu watu waoao mara ya tatu, jambo ambalo Kanisa la Mashariki lililichukia. Mke wake wa kwanza, Theophano, alichaguliwa na wazazi. Alikuwa mwanamke wa sala, na baada ya kufa akahesabiwa mtakatifu, lakini mumewe hakumpenda. Alipokufa, Leon alimwoa Zoe, mpenzi wake wa siku nyingi. Huyo hakuishi miaka miwili. Leon akavunja sheria yake mwenyewe akamwoa wa tatu, Eudokia, naye akafa katika kuzaa siku ya Pasaka mwaka 901. Wake watatu makaburini, wala hana mwana wa kumrithi.

Basi akakaa na mwanamke wa nne, naye aliitwa Zoe pia, aliyesifiwa kwa macho yake meusi kama makaa. Mwaka 905 akazaa mtoto wa kiume katika chumba cha mawe ya zambarau, ambamo watoto wa wafalme walizaliwa, kwa hiyo akaitwa Constantine Porphyrogennetos, yaani Aliyezaliwa Katika Zambarau. Patriarki Nicholas alikubali kumbatiza tarehe 6 Januari 906, kwa sharti kwamba mfalme amwache mama. Leon akakubali. Siku tatu baadaye akamrudisha, na kasisi mmoja akawafungisha ndoa.

Ndipo ikaonekana jambo ambalo watu wa siku zile hawakulisahau. Siku ya Krismasi Kaisari alipofika na wakuu wake wote penye mlango mkubwa wa Hagia Sofia, Patriarki alimzuia asiingie. Alirudi kwa mlango wa pembeni. Sikukuu iliyofuata ya mwezi wa Januari akazuiwa tena, naye alilia machozi mbele ya watu. Mtu aliyekuwa na majeshi, meli na dhahabu yote ya Mashariki alisimama nje ya kanisa kwa ajili ya mambo ya kitanda chake. Kisha akamwandikia Papa wa Rumi, akapata ruhusa, akamwondoa Nicholas. Na ugomvi huo uligawanya maaskofu mpaka mwaka 920, miaka minane baada ya Leon kufa.

Ndugu yake Alexander alimfuata, akatawala miezi kumi na mitatu tu. Yasemekana aliumwa baada ya kucheza, tumbo likiwa limeshiba na jua likiwa kali, ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo juu ya farasi ufananao na polo. Wafalme walikuwa na kiwanja chao cha mchezo huo ndani ya jumba. Mpira ulikuwa wa ngozi, mdogo kama tofaa, na fimbo ilikuwa na wavu mwishoni. Mchezo huu ulitoka Uajemi, nao ulikuwa wa hatari, na mfalme mmoja wa Trebizond akafa kwa ajili yake mwaka 1238.

MFALME MCHORAJI

Constantine Aliyezaliwa Katika Zambarau alikuwa na karibu miaka saba baba yake alipokufa. Amiri wa meli, Romanos Lekapenos, akamwoza bintiye, akajifanya Kaisari mwenziwe, kisha akawatanguliza wanawe mwenyewe mbele yake. Kwa muda wa miaka ishirini na mitano mwenye haki ya kiti alikuwa kama mgeni nyumbani mwake. Alifanya nini? Alisoma. Alichora picha. Askofu mmoja wa Italia, Liutprand wa Cremona, aliandika kuwa mfalme aliuza picha zake apate riziki. Huenda hayo ni chumvi, lakini wote wakubaliana kuwa mkono wake ulikuwa hodari, tena aliweza kuwasahihisha wachongaji na wafua fedha katika kazi yao. Aliyemdhulumu hakuogopa mtu mwenye brashi mkononi, na pengine brashi hiyo ndiyo iliyomponya.

Mwaka 945 alipata utawala wote, akiwa na umri wa karibu miaka arobaini. Liutprand alifika kama mjumbe mwaka 949, akaona kiti cha enzi ambacho mbele yake palikuwa na mti wa shaba uliopakwa dhahabu, wenye ndege wa kutengenezwa walioimba kila mmoja kwa sauti yake, na simba walioupiga mkia chini na kunguruma. Mgeni alisujudu, na alipoinua kichwa aliona Kaisari amekwisha kupandishwa, kiti na vyote, hata karibu na dari, tena amevaa nguo nyingine. Liutprand asema hakuogopa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuulizia habari mapema.

Mfalme huyu alimwandikia mwanawe Romanos kitabu cha siri za utawala: mataifa jirani ni yapi, waogope nani, wapewe nini, na wakiomba siri ya moto wa vita uwakao juu ya maji wajibiwe namna gani. Romanos hakuwa msomaji mkubwa. Yasimuliwa kuwa katika siku moja aliongoza michezo ya farasi, akala na wazee wa baraza, akacheza mpira juu ya farasi, akavuka bahari, akaua nguruwe mwitu wanne, akarudi jioni. Alikufa mwaka 963 kabla ya kutimiza miaka ishirini na mitano.

Watoto wake wawili hawakufanana hata kidogo. Basil wa Pili hakuoa, hakuvaa mapambo, akaishi kambini. Hazina aliyoiacha ilijaza vyumba vilivyochimbwa chini ya ardhi. Alipokufa mwaka 1025 hazina hiyo ilipokewa na ndugu yake Constantine wa Nane, ambaye kwa umri wake wote alikuwa Kaisari wa jina. Huyu alipenda farasi, michezo ya kuigiza, na zaidi ya yote dado: wajumbe wa nchi za kigeni waliketi wakingoja mpaka mchezo uishe. Alikuwa mpishi hodari pia, fundi wa kuchanganya mchuzi, naye alikula hata ugonjwa wa jongo ukamharibu miguu asiweze kutembea. Makarani watapendezwa kusikia ya kuwa alisema barua zake kwa haraka mno, hata waandishi wenye mikono myepesi wakalazimika kutumia alama za mkato. (Mchezo wa heshima zaidi ulipendwa na Alexios Komnenos, aliyetawala kuanzia 1081: kila asubuhi, asema binti yake Anna, aliondoa uchungu wa kazi kwa kucheza na jamaa zake mchezo ulioitwa zatrikion. Neno hilo limetoka Uajemi, kama lile la sataranji walilo nalo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, maana mchezo ni huo huo. Hata huko walikuwako waliopanga kumwua.)

CHUMBA CHA MANUKATO

Katika dado na mchuzi wake Constantine alisahau jambo moja, nalo ni kuoza binti zake. Zoe alikuwa amekwisha kuchumbiwa mara moja, na Kaisari wa Ujerumani, Otto wa Tatu. Mwaka 1002 alisafirishwa kwa meli mpaka Bari, Italia, na huko akaambiwa ya kuwa mchumba amekufa. Meli ikageuzwa. Zoe alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi. Akarudi katika vyumba vya wanawake, akakaa miaka ishirini na sita, kwa kuwa ami yake Basil hakutaka wakwe wenye tamaa, na baba yake hakujishughulisha. Ni mwezi wa Novemba 1028, baba akiwa kitandani pa kufa, alipoozwa ghafula kwa mzee Romanos Argyros, ambaye mkewe aliingizwa kwa nguvu katika nyumba ya watawa. Bibi harusi alikuwa na miaka hamsini. Walitakiwa wazae mrithi.

Yaliyofuata yanajulikana sana. Romanos, baada ya madawa na hirizi kushindwa, alimwacha mkewe. Zoe akampenda kijana mzuri aitwaye Michael, mwenye kifafa. Mwaka 1034 Romanos akaonekana amekufa bafuni, na jioni ile ile Zoe akaolewa na kijana. Huyo naye alikufa mwaka 1041. Mpwa wa kijana, Michael wa Tano, ambaye Zoe alimfanya mwanawe, akamnyoa nywele na kumpeleka kisiwani mwezi wa Aprili 1042. Lakini watu wa mji, na wanawake wengi miongoni mwao ambao hawakuzoea kuonekana barabarani, waliinuka wakamtaka mama yao. Walimpofusha Michael, wakamrudisha Zoe pamoja na dada yake Theodora, na kwa muda wa wiki kadhaa ufalme ulitawaliwa na dada wawili wasiopendana, mmoja akitoa fedha kama maji na mwingine akihesabu kila sarafu.

Karani wa jumba la mfalme, Michael Psellos, aliwajua wote hawa, na kalamu yake ndiyo iliyowahifadhi. Asema Zoe hakupenda kushona wala kufuma kama wanawake wengine, wala hakupenda bustani. Chumba chake kilikuwa kama karakana. Hata wakati wa joto kali majiko ya makaa yaliwaka humo, na wajakazi walifanya kazi kila mmoja yake, huyu akipima manukato, huyu akichanganya, huyu akitia chupani. Uso wake haukuwa na kunyanzi alipokuwa bibi mzee. Alikuwa pia na sanamu takatifu ya Kristo, aliyoipamba kwa mikono yake. Aliikumbatia, akasema nayo kama mtu na mwenziwe, na rangi yake ikibadilika kuwa nyeupe aliondoka na huzuni. Mwanamke aliyekuwa na nchi nzima hakuwa na mtu mwingine wa kusema naye.

Mwezi wa Juni 1042 aliolewa mara ya tatu, na Constantine Monomachos, Kaisari wa Tisa wa jina hilo. Bwana huyu alikuja na mpenzi wake, Maria Skleraina, aliyemfuata uhamishoni siku za taabu na kumlisha kwa mali yake. Zoe alikubali. Mkataba ukaandikwa mbele ya wazee wa baraza, waliotahayari, na wote watatu wakakaa jumbani, chumba cha mfalme kikiwa katikati. Watu wa mji ndio waliokataa: mwezi wa Machi 1044 walipiga kelele katika msafara wakidhani ya kuwa Zoe na Theodora watauawa kwa ajili ya Skleraina, na mfalme aliokoka kwa sababu mabibi wawili wazee walijitokeza juu wakawatuliza.

Constantine wa Tisa alipenda kucheka. Alimpenda mchekeshaji mwenye kigugumizi, Romanos Boilas, hata akamwachia aingie popote. Boilas akakamatwa usiku karibu na kitanda cha mfalme ana kisu, na mfalme akamsamehe, maana hakuweza kukosa mzaha wake. Hakuweka walinzi, wala mlango wa chumba chake haukufungwa. Psellos alimwonya mara nyingi. Yeye alijibu ya kuwa taji amepewa na Mungu na Mungu ndiye mlinzi. Alipanda bustani kwa pupa: leo uwanja mtupu, kesho miti mikubwa yenye matunda imehamishwa na kusimamishwa hapo. Katikati akachimba bwawa lisiloonekana kwa majani, na mgeni aliyeona pea au tofaa akaenda kulichuma alitumbukia majini mpaka shingoni, mfalme akicheka. Kutoka Misri aliletewa tembo na twiga, wakaonyeshwa mbele ya watu. Mwandishi Attaleiates aliwaeleza kwa uangalifu kama mtu anayejua kuwa wasomaji wake hawatasadiki. Kwa Kiyunani twiga aliitwa ngamia-chui, nao watu wa mji wakaitazama ile shingo na yale madoa, wakimwona kiumbe wa Afrika aliyevuka bahari kuja kumfurahisha mgonjwa wa jongo.

Gharama ililipwa na wengine. Dhahabu ya sarafu ikaanza kupunguzwa katika siku zake, na askari wa mpaka wa mashariki, waliokuwa wakilima na kulinda, wakaambiwa watoe kodi badala ya kushika silaha. Mwaka 1071 Waturuki walipita huko huko.

Zoe alikufa mwaka 1050, Skleraina akiwa amekwisha kumtangulia. Constantine alikufa Januari 1055, na Psellos asema ubaridi ulimpata alipotoka katika bwawa lake. Theodora, ambaye hakuolewa, alitawala peke yake mwaka mmoja na nusu, kisha nyumba ya Basil ikaisha, kwa kuwa hapakuwa na mtoto.

Katika ghorofa ya juu ya Hagia Sofia ukutani ipo picha ya vipande vidogo vya kioo na mawe ya rangi. Zoe asimama upande mmoja wa Kristo, uso laini kama wa msichana, na Constantine Monomachos upande wa pili ana mfuko wa fedha mkononi. Atazamaye kwa makini huona ya kuwa vichwa vyote vitatu vimetengenezwa upya, na juu ya kichwa cha mfalme herufi za jina lake hazikai sawa na nyingine. Hapo palikuwa na jina la mume wa kwanza. Fundi alilibandua, akalipachika la huyu wa tatu katika nafasi ile ile, na kwa kuwa lilikuwa refu, ilimbidi alibane.